SOMO: Mzazi Peke Yake na Paa la Nyumba – Msaada Ukipungua, Tufanye Nini?



Somo hili ni kwa mama au baba anayelea watoto bila mwenzake: mjane, mgane, aliyeachwa, aliyepotezana na mwenzake njiani, na pia bibi au babu aliyebaki na wajukuu. Tunazungumza juu ya nyumba. Wengi wenu katika Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja mlipofika Uganda mlipewa kiwanja, turubai, miti na kamba, mkaambiwa mjenge. Nyumba yenye watu wazima wawili ilijenga. Nyumba yenye mtu mzima mmoja ilijenga nusu, ikangoja msaada wa kumalizia. Sasa msaada huo umepungua, na mvua haingojei.

Ukimaliza somo hili utaweza: (1) kuhesabu nafasi ambayo familia yako inahitaji, (2) kuamua kipi kijengwe kwanza, (3) kuomba msaada uliobaki kwa njia inayosikilizwa, na (4) kutambua vitu ambavyo hupaswi kuvitoa hata kama nyumba inavuja.

1. KWA NINI MSAADA UMEPUNGUA?

Mashirika hayana shamba lake. Yanaishi kwa michango ya serikali na ya watu wa nchi mbalimbali. Michango ikipungua, kinachogawiwa kinapungua. Mliona jambo hili kwanza katika chakula. Mwezi wa Julai 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu: zenye shida zaidi zikapata asilimia 60 ya mgao kamili, za katikati asilimia 30, na kundi la tatu halikupata kitu. Mwaka 2025, baada ya serikali ya Marekani kusimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, watu wapatao milioni 1 waliondolewa katika orodha ya chakula hapa Uganda.

Chakula kikipungua, nyumba nayo huumia. Mzazi huuza turubai ili anunue unga. Siku za kukanda udongo anazitumia kulima kibarua. Na fedha za kuwajengea watu wenye mahitaji maalumu zinakuwa chache, kwa hiyo orodha inakuwa ndefu na zamu inachelewa.

Tunaeleza haya ili usidhani kwamba jirani yako amekula sehemu yako, wala usikae bure ukingoja gari la miti ambalo huenda lisije msimu huu. Omba unachostahili, na wakati huohuo fanya unachoweza.

2. HESABU KWANZA

Kipimo kinachotumiwa na mashirika mengi duniani ni mita za mraba 3.5 za sakafu iliyoezekwa kwa kila mtu. Hiki ni kipimo cha chini, cha kulala bila kubanana sana na bila kuambukizana kikohozi kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wanne. Watu ni 5. Zidisha 5 kwa 3.5, unapata mita za mraba 17.5. Hiyo ndiyo nafasi anayohitaji.

Sasa tuangalie turubai, lile ambalo wengi wenu mnaliita shitingi. Turubai la kawaida lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 20. Mtu anaweza kusema: "Basi linatosha!" Halitoshi. Paa lazima liwe na mteremko ili maji yasituame, na lazima lizidi ukuta kwa kiasi cha sentimita 30 kila upande ili maji yasilowanishe udongo. Ukitoa mteremko na ukingo huo, turubai moja linafunika nyumba yenye upana wa mita 2.8 hivi na urefu wa mita 4.4. Hizo ni mita za mraba 12 na kidogo, nafasi ya watu watatu.

Kwa hiyo mama wa mfano wetu, akipewa turubai moja tu, anapungukiwa mita za mraba 5 hivi. Afanye nini? Kosa la wengi ni kulitandaza turubai hilo juu ya nyumba kubwa. Mteremko unakuwa mdogo, maji yanakaa juu, turubai linalegea na kupasuka, na mwisho nyumba nzima inavuja. Ni afadhali kujenga chumba kidogo cha kulala kilichoezekwa vizuri, kisha kuongeza upande mmoja kwa nyasi pole pole. Jiko na kuni vikae nje chini ya kibanda cha nyasi, mbali na chumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu watano wakilala katika mita 12, hewa ni muhimu. Acha matundu mawili juu ya ukuta, yanayotazamana, ukubwa wa tofali moja kila tundu.

3. UTARATIBU: PAA, MLANGO, MIGUU YA UKUTA

Mzazi mwenye mikono miwili tu hawezi kufanya yote. Afuate utaratibu huu.

(a) Paa. Jua huanza kulila turubai kabla ya mvua. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya jua kali nyuzi zake hudhoofika. Ili lidumu:

– Parua ncha na magamba ya miti inayogusa turubai, kisha zifunge kwa matambara.
– Vuta turubai likaze. Turubai linalopigapiga kwa upepo huchanika upesi.
– Usipigilie msumari moja kwa moja. Weka kwanza kizibo cha chupa ya soda au kipande cha kandambili kuukuu chini ya kichwa cha msumari.
– Tundu la kamba likikatika, chukua jiwe dogo laini, liweke chini ya ukingo wa turubai, likunje ndani, kisha funga kamba shingoni mwa jiwe hilo kwa nje. Inashika kuliko tundu la kwanza.
– Ukipata nyasi, tandika juu ya turubai ili kulikinga na jua. Lakini nyasi hupenda moto: usipike wala kuwasha kibatari karibu.
– Kiraka kianzie juu ya tundu na kushuka chini yake, na ukingo wake wa juu upite chini ya sehemu iliyo juu yake, kama magamba ya samaki. Hapo maji yatateleza.

(b) Mlango. Tunauweka wa pili, kabla ya ukuta mzuri. Mama anayelala peke yake na watoto anahitaji mlango wenye komeo kwa ndani. Mbao za makasha, mabati ya madebe yaliyonyooshwa, au fito zilizosukwa na kufunikwa kwa kipande cha turubai kuukuu vinatosha kuanzia. Pazia halizuii mtu. Kama umekosa kabisa, mwambie kiongozi wako wa RWC1 na ofisi ya ulinzi kwamba unalala bila mlango. Tumia maneno hayohayo: "Ninalala bila mlango." Hili ni jambo la usalama, nao hulisikiliza haraka kuliko ombi la ukarabati.

(c) Miguu ya ukuta. Nyumba ya udongo huanguka kuanzia chini. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, pale matone ya paa yanapoangukia, wenye kina cha shubiri moja hivi, na uelekeze maji bondeni. Usiyaelekeze kwa jirani. Ugomvi mwingi wa kambini huanzia kwenye mfereji. Inua sakafu ya ndani sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Miti ya nguzo, hasa ya mikaratusi, ichome kidogo upande wa chini mpaka ngozi iwe nyeusi kabla ya kuisimika, ili mchwa wachelewe kuila.

4. MATOFALI: ANZA MAPEMA

Katika sehemu zetu mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba. Wakati wa kufyatua matofali ni Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari. Anayeanza mvua ikisha kupiga, anafanya uji.

Udongo ujaribu hivi: ulowanishe, uviringe uwe kamba nene kama kidole gumba, kisha usukume polepole ukingoni mwa kiganja mpaka ukatike. Ukikatika kabla ya kufika sentimita 5, una mchanga mwingi. Ukizidi sentimita 15 bila kukatika, una mfinyanzi mwingi na tofali litapasuka likikauka. Changanya mchanga au nyasi zilizokatwakatwa. Ukikatika katikati ya vipimo hivyo, ni udongo mzuri.

Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 15 lina uzito wa kilo 11 au zaidi. Ukuta wa mita 1 ya mraba unahitaji matofali 18 hivi. Kama upande mmoja umeanguka, tuseme upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2, hiyo ni mita 3 za mraba: matofali 54. Fanya 60, kwa kuwa mengine yatavunjika. Mtu mmoja akifyatua 10 kwa siku, baada ya kibarua chake, atamaliza kwa siku 6. Ukianza kwa hesabu hii utaona kazi ina mwisho.

Yakaushe kivulini au yafunike kwa nyasi, yageuze siku ya tatu, na uyaache wiki mbili au zaidi. Maji ya kufulia yanafaa kukandia udongo. Usitumie maji ya kunywa. Shimo la udongo lifukie ukimaliza. Likijaa maji linaleta mbu, na mtoto mdogo anaweza kufa ndani yake. Mama mjamzito na watoto wadogo wasibebe matofali.

5. MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Wahenga walisema hivyo, na nyumba nayo ni vivyo hivyo. Kazi ya kuezeka haifanywi na mtu mmoja: mmoja anavuta huku na mwingine anafunga kule. Ndiyo maana mzazi peke yake hukwama hata akiwa na vifaa.

Warundi wanaijua ikibiri: watu wanakusanyika kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine. Wakongo wanaijua likelemba, mchango unaozunguka kwa zamu. Unganeni kwa desturi hizo. Tunashauri familia tano za wazazi walio peke yao, wanaokaa karibu, wakubaliane mambo haya:

– Siku moja kwa wiki ni ya nyumba moja. Wiki tano, nyumba tano.
– Zamu ya kwanza ni ya nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa, au isiyo na mlango. Msipige kura juu ya hilo.
– Mmoja hubaki na watoto wote wadogo, mahali pamoja, penye kivuli. Hiyo nayo ni kazi na ihesabiwe.
– Mwenye nyumba haombwi karamu. Uji unatosha. Kikundi kinachodai kitoweo hufa wiki ya pili.
– Kalibu ya matofali, jembe na ndoo viwe vya wote, na viandikwe vipo kwa nani.
– Baba anayelea peke yake akaribishwe. Naye hulala na watoto chini ya paa linalovuja, na mara nyingi huona haya kusema.

Kama mnaweka fedha za misumari na kamba, hata shilingi chache kwa wiki, wekeni katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu tofauti, na mhesabu mbele ya wote. Njia hii ya vikundi vya kuweka na kukopa ilianza nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, na leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika.

Jambo moja zaidi: usimtoe mtoto shuleni ili awe fundi au mlezi wa wadogo zake. Jumamosi na saa za jioni zinatosha kwa kazi ya mtoto mkubwa. Mwaka aliokosa shule hautarudi.

6. FAILI LAKO LINASEMAJE?

Msaada wa nyumba uliobaki huenda kwanza kwa watu wenye mahitaji maalumu, na mzazi aliye peke yake anaweza kuhesabiwa miongoni mwao. Lakini ofisi inasoma kilichoandikwa. Kuna mama ambaye mume wake aliondoka miaka mitatu iliyopita, na karatasi ya familia bado inaonyesha watu wazima wawili wenye nguvu. Mbele ya ofisi, huyo hana shida ya pekee. Kuna baba ambaye mke wake alifariki na kifo hakikuandikishwa. Kuna bibi ambaye wajukuu wake hawamo kabisa.

Fanya hivi:

Kwanza, soma karatasi yako ya familia, au usomewe na mtu unayemwamini. Je, waliotajwa ndio waliopo?

Pili, kama si hivyo, nenda kurekebisha siku ya uandikishaji katika ofisi ya OPM na UNHCR. Usiogope kwamba utapunguziwa chakula kwa kusema ukweli na ukaacha; jina la mtu asiyekuwepo linaweza kukuponza siku ya ukaguzi, na linakuficha wewe kama mzazi aliye peke yake.

Tatu, mweleze mwenyekiti wa RWC1, kisha nenda kwenye dawati la huduma za jamii na uombe wafike nyumbani kwako kuona. Sema mambo yanayopimika: "Tuko watano. Mimi ni mtu mzima peke yangu. Turubai ni la miaka minne. Upande wa mashariki umeanguka. Mtoto wa mwisho ana miezi saba." Maneno hayo yana nguvu kuliko "tunateseka sana".

Nne, andika tarehe, ofisi uliyokwenda na jibu ulilopewa. Ukijibiwa hapana, uliza kwa heshima: "Ni kwa sababu gani, na naweza kuuliza tena lini?" Kama hukuridhika, tumia sanduku la malalamiko au simu ya bure iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo. Kulalamika hakufuti jina lako.

7. VITU VITATU USIVYOVITOA

Shida ya nyumba huleta watu wenye suluhisho tamu. Jihadhari.

Usiuze kiwanja. Kwa kanuni za wakimbizi za Uganda za mwaka 2010, ardhi uliyogawiwa ni ya kutumia wewe na familia yako; huna haki ya kuiuza wala kuikodisha. Anayekupa fedha za mabati ili umwachie nusu ya kiwanja anakununulia kesi, na wewe na yeye mnaweza kuipoteza. Vilevile ukienda kupanga chumba katika kituo cha biashara, jiulize kwanza: kodi ya miezi sita ingenunua miti mingapi? Usikiache kiwanja tupu bila kumwarifu kiongozi.

Usitoe karatasi yako ya familia wala kadi yako kama rehani. Mkopo wa turubai unaolipwa kwa kadi hulipwa na matumbo ya watoto.

Usitoe mwili wako, wala wa binti yako. Msaada ni bure. Hakuna ada ya kuandikwa jina, hakuna ya kupakuliwa miti, hakuna "asante" kwa mlinzi wala kwa kiongozi. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaowakataza wafanyakazi wake kubadilishana fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa ajili ya ngono, na kulala na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Mashirika yanayofanya kazi nao yanafungwa na masharti hayohayo. Anayekuambia "njoo jioni tuzungumze kuhusu mabati yako" anavunja sharti, hata kama amevaa kitambulisho. Mripoti kwa ofisi ya ulinzi au polisi, wala usiende jioni hiyo. Kama jambo limekwisha kutokea, si aibu yako. Fika kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ikianzwa ndani ya muda huo. Ukichelewa, nenda vilevile. Bado kuna matibabu mengine.

Na kumwoza binti ili mahari inunue mabati? Katiba ya Uganda inaweka umri wa ndoa kuwa miaka 18. Paa hubomoka na kuezekwa upya. Utoto wa binti hauezekwi upya.

8. MUHTASARI

– Hesabu watu, zidisha kwa 3.5, ndipo upange nyumba.
– Turubai moja, chumba kimoja kizuri.
– Paa, mlango, miguu ya ukuta, mengine baadaye.
– Matofali wakati wa jua.
– Familia tano, nyumba moja kwa wiki.
– Faili liseme ukweli wa nyumba yako.
– Kiwanja, kadi na mwili si bei ya paa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayelala bila mlango? Je, jina lake limefikishwa ofisini?
2. Familia ya watu 7 inahitaji mita za mraba ngapi? Turubai moja litawatosha wangapi kati yao? (Majibu: 24.5, watatu.)
3. Ni familia gani tano zilizo karibu zinazoweza kuanza zamu mwezi huu, na kalibu itapatikana kwa nani?
4. Mtu akimtaka mzazi rushwa ili aandikwe, kikundi kitamsindikiza vipi kutoa taarifa ili asiende peke yake?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Kama hajui kusoma, msomee, na mwanzie sehemu ya 6.